Mama Trei na Mashine Isiyolia

Jumanne, tarehe 17 Februari. Mawingu mazito tangu alfajiri, upepo wa baridi kidogo, mvua hata tone. Ilipofika saa nne jua lilikuwa limeshatoka, na waliokuja na miavuli walikuwa wakiificha nyuma ya migongo yao.

Siku hiyo wabunge wa kamati ya ulinzi walikuja wizarani kutazama mashine.

Mashine yenyewe ilisimama mlango wa mbele: fremu ya kijivu, mlango usio na mlango, ya kupita mtu mmoja mmoja. Juu yake iliwaka taa ya kijani. Pembeni palikuwa na meza ndefu yenye trei za plastiki za kuwekea funguo, simu na sarafu, na nyuma ya meza alisimama mwanamke mnene wa makamo, sare yake ya bluu imenyooshwa pasi mpaka mikunjo inakata. Jengo zima lilimwita Mama Trei. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho kifuani, lakini katika miaka yote ya kusimama pale hakuna aliyewahi kujisumbua kulisoma, wakiwemo waliolipiga muhuri.

Kila mfanyakazi wa jengo lile alijua kwamba mashine ilikuwa maiti. Ilikufa mwaka juzi, wakati wa mvua kubwa, maji yalipopenya dari la mapokezi na kuiingia. Ililia mfululizo kama mtoto aliyeingiwa na siafu, ikanyamaza, isilie tena. Fundi wa walioiuza aliitwa, akaifungua, akaitazama, akaifunga, akasema kununua nyingine ni nafuu kuliko kutengeneza hii. Ndipo Mkuu wa Ulinzi alipotoa uamuzi wake. Mkuu huyo walimwita Kamanda, ingawa bunduki pekee aliyowahi kushika ni ile ya kupulizia rangi, alipokuwa akisaidia gereji ya kaka yake. Aliagiza taa ya kijani ivutiwe waya wake peke yake, iwake muda wote, na walinzi waendelee na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mhalifu haogopi mashine," aliwaeleza, mikono nyuma. "Mhalifu anaogopa taa."

Basi walinzi wakajitungia utaratibu. Mara mojamoja walimrudisha mtu. Rudi. Toa mkanda. Pita tena. Mtu anarudi, anavua mkanda, anapita huku kashikilia suruali, na foleni nzima inaamini kwamba mashine imeona jambo. Kurudisha watu kulitaka ufundi. Ukirudisha wengi mno, foleni inafika barabarani. Ukirudisha wachache mno, watu wanaanza kuikodolea macho ile taa. Mama Trei alikuwa na kanuni yake: aliwarudisha wenye majivuno. Mtu akija anaongea na simu kwa sauti ya mnada, anataja majina ya wakubwa ili asikike, huyo atavua mkanda, saa na viatu.

"Mashine imekukataa," alimwambia.

"Imekataa nini?"

"Haisemi. Ni ya serikali."

Kazi ya kukagua watu hakuianzia hapo. Alipomaliza kidato cha nne alipata kibarua kwenye kiwanda cha biskuti, mlango wa kutokea, kuwapapasa wanawake wenzake kila zamu ilipoisha wasije wakatoka na biskuti ndani ya nguo. Huko alijua kwamba mwenye biskuti kifuani husalimia kuliko kawaida: anauliza habari za nyumbani, za watoto, mpaka za kuku. Alijua pia kwamba magunia ya sukari hutoka kwa mlango mwingine, kwenye gari la meneja, na mlango huo hauna mkaguzi. Kiwanda kilipokufa, bodi ilitangaza kwamba wizi wa wafanyakazi ndio ulioiangusha kampuni. Mama Trei alisikia habari hiyo redioni, akacheka mpaka mumewe akadhani amepaliwa.

Mumewe alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilibandikwa kwenye ukuta wa nyumba yao ya kupanga, na kwa kuwa redio haijaribiwi ila kwa kuisikiliza, hakukuwa na mjadala wa taifa uliompita. Alikuwa na kisukari cha muda mrefu. Wizara ilimwajiri mkewe kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na pamoja na mkataba ilikuja kadi ya bima. Kwa hiyo kila sindano iliyoingia mwilini mwa fundi redio ilipitia kwanza mlango wa mbele wa wizara. Mama Trei aliahidiwa ajira ya kudumu mwaka hadi mwaka. Ahadi hiyo alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu.

Mwaka huo mjadala wa redioni ulikuwa Sheria ya Usalama wa Majengo. Ilipitishwa mwaka uliotangulia, na sasa serikali ilitaka kuipanua ifike mpaka shuleni, hospitali na sokoni, na kila mahali iwekwe mashine. Sheria ilisema kwamba mtu yeyote atakayekutwa ndani ya jengo linalolindwa na "kifaa chenye uwezo wa kudhuru" atakaa rumande mpaka kesi yake iishe, dhamana hakuna. Wataalamu walialikwa wakapiga domo kutwa. Mmoja, mwenye sauti nene ya mtu aliyeshiba, alirudia kila jioni kwamba ni lazima taifa liweke mizani kati ya usalama na uhuru.

"Mizani gani?" fundi redio alisema, koleo mkononi. "Mimi nimetengeneza mizani za sokoni. Mizani ina mawe pande zote mbili. Hii yao upande mmoja una jiwe, upande wa pili una hotuba."

Msikilizaji akapiga simu studio, akasema asiye na hatia hana sababu ya kuogopa.

"Huyo," alisema Mama Trei, "hajawahi kupapaswa."

Sasa turudi kwenye ile Jumanne. Tangu siku iliyotangulia, choo cha ghorofa ya juu, wanakojisitiri wakubwa, kilikuwa kimeziba. Afisa utawala, mwanamke mwenye kucha ndefu aliyeitwa Bi Utawala hata na mama yake mzazi, alimpigia simu fundi bomba wao wa siku zote. Huyu alikuwa bwana mwembamba mwenye maneno mengi, na jina lake mjini lilikuwa Chemba, kwa sababu nusu ya maisha yake aliyapitisha ndani ya machemba ya maji machafu. Alikuja mapema kwa geti la nyuma, akafungua choo, akaona kwamba anahitaji mpira mpya, akatoka kwenda kuununua. Aliporudi, geti la nyuma lilikuwa limefungwa kwa heshima ya wageni. Ikambidi aje mbele.

"Chemba!" Mama Trei alimdaka kwa sauti ya chini. "Leo umepita mlango wa waheshimiwa?"

"Wa nyuma wamefunga, dada. Wakubwa wakija, hata kinyesi kinasubiri."

"Weka begi, pita upesi, wako pale wanatazama."

Chemba akaweka begi mezani, akapita. Mashine kimya kama kaburi, taa kijani. Alipolichukua, mdomo wa begi ulikuwa wazi, na spana ya mabomba, yenye urefu wa mkono mpaka kiwiko, ilichungulia nje.

Hatua chache kutoka hapo Kamanda alikuwa akiwahutubia wabunge. Alikuwa ametia chumvi asubuhi nzima. Mashine ni ya kisasa. Mashine haidanganyiki. Nchi ikipata mashine kama hii kila kona, usingizi utarudi majumbani. Mbunge mmoja, mzee mwenye kofia, alikuwa ndio kwanza amemuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: je, imewahi kumkamata nani? Kamanda alikuwa akimung'unya jibu pale mzee alipogeuka akaiona spana.

"Na ile ni nini?"

Jibu la swali lile lilikuwa maneno matatu: fundi wa choo. Mtoto wa chekechea angelitoa. Lakini Kamanda aliitazama ile spana kama mwenye kiu anavyotazama mtungi.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ilipanda mpaka darini, "umejionea mwenyewe! Mashine imemkamata!"

"Imemkamata nani?" Chemba aliuliza, akigeuka nyuma kumtafuta mtu huyo.

Askari wawili waliofuatana na wageni walikuwa wameshamshika mikono.

"Jamani, mimi ni wa choo! Bi Utawala! Bi Utawala, si umeniita mwenyewe jana?"

Bi Utawala alikuwa amesimama na chupa za maji za wageni. Aliinua macho akalitazama doa la maji kwenye dari, akalitazama kwa makini kama mtu anayesoma.

"Simfahamu," alisema.

"Lakini mbona haikulia?" aliuliza yule mzee mwenye kofia.

"Za kisasa hazipigi kelele, Mheshimiwa," Kamanda alijibu bila kupepesa. "Zinamtaarifu mlinzi kimyakimya."

Nyuso zote zikamgeukia Mama Trei. Yeye alikuwa ameshika trei yenye funguo za mtu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wabunge walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakapanda juu kunywa chai, na Chemba akapandishwa gari. Jioni hiyo redio ilisema kwamba mashine ya wizara imezuia tukio kubwa. Mtaalamu wa sauti nene alisema wenye mashaka sasa wameumbuka. Choo cha ghorofa ya juu kilibaki kimeziba, na kuanzia kesho yake wakubwa walianza kushuka mmoja mmoja kwenda choo cha walinzi, wakipita mbele ya Mama Trei huku wakijifanya wanatafuta mtu.

Wiki ile ile Kamanda alimwita ofisini. Mezani palikuwa na maelezo yaliyokwisha chapwa. Mlinzi wa upande wa wanaume, kijibwa wa Kamanda ambaye wenzake walimwita Ndiyo-Mzee, alikuwa ameshatia sahihi yake.

"Kaa, mama yangu," alisema Kamanda, ambaye hakuwa amewahi kumwambia akae. "Ni jambo dogo. Mahakamani utasema mashine ilikutaarifu."

"Ilinitaarifu vipi?"

"Taa nyekundu."

"Kamanda, haina taa nyekundu. Hiyo ya kijani yenyewe umeivutia waya kwenye soketi ya birika la chai."

"Mama." Alishusha pumzi kama mzazi mwenye mtoto mzito wa kuelewa. "Unadhani ni suala la taa? Nchi iko vitani na watu usiowaona. Muswada unasomwa mara ya pili. Waheshimiwa wameshaandika kwenye taarifa yao kwamba waliona kwa macho. Unataka waheshimiwa waonekane waongo?"

"Na Chemba?"

"Chemba nani?"

"Aliyekuzibulia choo chako mwaka jana ukampa mkono, ukamwita shujaa."

Kamanda alipangapanga kalamu zake. "Mkataba wako unaisha lini?"

"Unajua."

"Najua. Na safari hii nimependekeza ajira ya kudumu. Barua iko kwangu. Nangoja tu kesi iishe." Akatabasamu. "Mumeo hajambo? Sukari inashuka?"

Ilikuwa hivyo basi, wazi kama sinia: Chemba au sindano.

Nyumbani alimkuta mumewe kaipasua redio ya jirani, matumbo yote nje. Alimweleza yote akiwa bado na viatu miguuni. Fundi redio alisikiliza, akaweka koleo chini.

"Mimi nikifa kwa kukosa dawa," alisema, "watasema ni kisukari. Chemba akifungwa, watasema ni sheria. Hakuna atakayesema ni Kamanda."

"Kwa hiyo nifanye nini, baba watoto?"

"Usiniulize mimi."

"Nimuulize nani?"

"Mtu yeyote mwenye afya. Mimi mgonjwa, mama. Ukiniuliza nitachagua sindano, halafu utanidharau, halafu na mimi nitajidharau, na sindano haitibu hilo." Akarudi kwenye redio yake. Akasema bila kuinua uso, "Lakini hiyo taa nyekundu, lo. Angalau wangekuomba uongo wenye akili."

Chemba alikaa rumande mpaka muswada ukasomwa mara ya tatu. Watu wa redio walimtaja kila siku na hakuna aliyejua kwamba ni fundi bomba. Walimwita "mtuhumiwa mwenye kifaa". Kipindi kimoja kilijadili kama kifaa kilitengenezwa nchini au kiliingizwa. Kingine kilimleta mwanasaikolojia aeleze jinsi vijana wanavyopotoshwa. Chemba alikuwa na wajukuu.

Siku ya ushahidi, chumba cha mahakama kilijaa. Mke wa Chemba alikaa mbele na kanga mabegani, amefumba mdomo kwa nguvu. Kamanda alikaa nyuma ya mwendesha mashtaka, tai mpya shingoni. Ndiyo-Mzee alipanda kwanza, akasema alichofundishwa; alipoulizwa taa nyekundu ilikuwa upande gani alisema kushoto, kisha akamtazama Kamanda, kisha akasema kulia.

Mama Trei alipoapishwa alikuwa bado hajajua atasema nini. Alikuwa ameitayarisha ndiyo moja fupi, ya kuitoa haraka kama mtu anavyong'oa jino, na alikuwa na hakika angeweza kuibeba. Chemba kizimbani alikuwa akiyatazama mabomba ya maji ya mvua nje ya dirisha, ambayo yalikuwa yamefungwa vibaya.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye koti lililompwaya, alimsifu kwanza. Alisema huyu mama ndiye ngao ya taifa. Kamanda aliitikia kwa kichwa polepole, kama mama anayemwongoza mtoto kwenye shairi la shule.

"Sasa, ngao ya taifa," alisema kijana. "Ieleze mahakama. Mtuhumiwa alipopita, mashine ilikwambia nini?"

Mama Trei alilisikia lile swali. Mashine ilikwambia nini. Alitazama kulia, akatazama kushoto: watu wazima wenye ndevu, wenye miwani, wenye digrii, wamenyamaza wote wakingoja kusikia mashine ilimwambia nini. Kitu kikampanda kifuani. Uongo angeweza kuubeba; upumbavu ulimshinda.

"Haikuniambia kitu," alisema. "Imekufa."

"Unamaanisha haikulia."

"Namaanisha imekufa, mwanangu. Iliingiwa na maji mwaka juzi. Ile taa ni ya kudanganyia watu. Na huyu ni fundi wa choo, aliitwa na ofisi, na choo chenyewe mpaka leo kimeziba. Wakubwa wanakuja kwetu chini."

Chumba kizima kiliangua kicheko, mpaka karani akaangusha kalamu. Mke wa Chemba peke yake hakucheka. Alijifunika uso kwa kanga. Kamanda alimvuta mwendesha mashtaka koti, akamnong'oneza kwa muda, na kijana akasimama amepauka.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba kesi iendelee kwa faragha. Hali ya vifaa vya ulinzi ni siri ya taifa chini ya kifungu cha kumi na tisa. Haitajwi mbele ya mtu asiye na kibali."

Hakimu alikuwa mwanamke mzee aliyeonekana amechoka tangu ujana wake. Aliwaamuru wasikilizaji watoke. Wakatoka, wakiendelea kucheka mpaka ngazini. Kisha akavua miwani.

"Mtuhumiwa ana kibali?"

"Hana, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo atoke, asisikie ushahidi wa kesi yake?"

"Ndivyo kifungu kinavyosema, Mheshimiwa."

"Na shahidi ana kibali?"

"Hana, Mheshimiwa."

"Basi naye atoke, asije akasikia anachokisema."

Kijana alifungua kitabu cha sheria, akakifunga.

"Na wewe unacho?" hakimu aliuliza.

"Nimekiomba, Mheshimiwa. Bado hakijatoka."

"Mimi pia sijui kama ninacho." Hakimu alirudisha miwani puani. "Tupumzike. Mtakaporudi, mniletee mtu mwenye kibali anayeweza kuniambia kama mashine ni nzima."

Mtu huyo hakupatikana, kwa sababu kumpata kungehitaji mtu wa kukiri kwamba imekufa. Waliporudi, kijana alisoma kikaratasi: upande wa mashtaka unaondoa kesi kwa maslahi ya taifa. Chemba aliachiwa huru, akaonywa asisimulie alichokisikia. Begi lake la vifaa halikurudishwa. Ni kielelezo, na kielelezo cha siri hakitolewi.

Pale nje ya mahakama alimkumbatia mkewe, kisha akaja kwa Mama Trei. Rumande ilikuwa imemkausha zaidi.

"Dada, ahsante. Umechelewa, lakini ahsante."

"Nimechelewa," alikubali Mama Trei.

Simu ya Chemba, waliyomrudishia dakika ile, ililia mara tu ilipowashwa. Aliitazama, akaiweka sikioni, na sauti ya Bi Utawala ikasikika mpaka kwa waliosimama pembeni: "Fundi, uko wapi? Kile choo cha juu bado, na leo waziri yupo."

"Kipitisheni kwenye mashine kwanza," alisema Chemba. "Ikikikubali, nitakuja." Akaikata.

Mchana huo huo Mama Trei aliitwa ofisini. Safari hii hakuambiwa akae. Kamanda alikuwa na barua mbele yake, ameifunika kwa kiganja.

"Nitakusomea. Kupewa hupewi."

"Kwa nini?"

"Ina maelezo ya hali ya mashine. Ni siri. Wewe huna kibali." Akakohoa, akaanza. "Kwa kuwa shahidi alitamka hadharani kwamba... hapa naruka. Na kwa kuwa taa ya... naruka. Na kwa kuwa kitendo hicho kimeathiri... naruka yote hii. Basi, kuanzia leo..." Akainua uso. "Unaelewa."

"Kuanzia leo nini?"

"Iko pamoja na sentensi ya siri. Siwezi kuitenganisha. Lakini unaelewa."

"Sina kibali cha kuelewa, Kamanda."

"Usinichezee, mwanamke! Umeniaibisha mbele ya nchi!"

"Nakala inakwenda kwa nani? Kwa watu wa mishahara? Kwa watu wa bima?"

Mama Trei aliona, usoni pa Kamanda, jambo hilo likimfikia polepole, kama maji yanavyolifikia godoro: watu wa mishahara hawakuwa na kibali. Wa bima ndiyo kabisa.

"Ondoka mbele yangu," alisema.

Kesho yake asubuhi Mama Trei aliamka saa zake zilezile. Alipiga sare yake pasi, akachemsha chai, akamwangalia mumewe akijichoma sindano pembeni ya kitanda.

"Unakwenda wapi na sare?" fundi redio aliuliza.

"Kazini."

"Si wamekufukuza?"

"Sina barua."

"Na kadi?"

"Wa bima hawajaandikiwa kwamba nimeondoka. Na wa kuwaandikia hana ruhusa ya kuwaambia kwa nini. Tutakula hapohapo mpaka wapate akili, na kwa ninavyowajua, tutakula muda mrefu."

Alifika mlango wa mbele, akapanga trei zake, akasimama. Foleni ilikuwa ndefu, na baadhi ya watu walikuwa wakiipigia taa picha kwa simu. Saa tatu Kamanda aliteremka ngazi, akamwona, akaja mbio.

"Wewe! Si nilikwambia jana?"

"Uliniambia nini, Kamanda?"

Aliitazama foleni. Foleni nayo ilimtazama, masikio wazi, na hakuna hata mmoja mwenye kibali. Akatazama saa yake, akageuka, akapanda ngazi taratibu.

Mama Trei akauvuta mkoba wa mwanamke aliyefuata, akaufungua, akaanza kuukagua kwa mikono.